Niliiondoa picha ya baba kwenye meza ya wafu, mama mkwe hajarudi tena

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nyumbani ni Machame, kwa sasa naishi Chicago. Nimeolewa na Mmeksiko aliyezaliwa hapa hapa. Wazazi wake walitoka Michoacán, jimbo la Meksiko, mwaka 1991. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miaka sita. Mume wangu ni mtu mwema, sina kubwa la kumlalamikia. Shida yangu ni mama mkwe, au pengine shida ni mimi mwenyewe, ndiyo maana nakuandikia.

Baba yangu alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli kweli, kileo hakukijua mpaka anaingia kaburini. Nilikwenda kuzika, nikakaa wiki tatu. Muda wote huo mama mkwe alihamia kwetu kumlea mtoto. Niliporudi nilikuwa nimekwisha, akawa ananipikia supu ya kuku kila siku bila kuniuliza kitu. Kihispania changu ni cha kuombea maji, na yeye Kiingereza hajui, kwa hiyo tunaongea kwa ishara na kwa kupitia mtoto.

Kila mwisho wa Oktoba yeye hupanga meza ya wafu, ni desturi yao ya Siku ya Wafu. Zamani alipanga kwake, lakini siku hizi anaishi na wifi yangu na nafasi ni finyu, akaomba apange sebuleni kwetu. Nikakubali. Nilidhani ni mapambo tu.

Jumamosi ya tarehe 1 Novemba nimetoka zamu ya usiku, nimechoka, nafungua mlango nakuta ndugu zao kama kumi na watano. Meza imepandishwa ngazi tatu na kufunikwa kitambaa cheupe. Maua ya rangi ya chungwa yametandazwa mpaka mlangoni. Kuna mishumaa, mafuvu ya sukari, moshi wa ubani. Na katikati ya picha za wafu wao, baba yangu. Ile picha ya suti ya kijivu iliyokuwa kwenye kijitabu cha ibada ya mazishi. Mume wangu ndiye aliyeitoa kwenye simu, mama yake akaweka kwenye fremu. Mbele ya picha kuna kikombe cha chai ya maziwa, bado inafuka moshi.

Shangazi, nilitetemeka. Mimi niliokoka mwaka 2019, mambo ya mizimu niliyaacha kabisa. Nilipita katikati ya watu, nikachukua picha, nikaimwaga ile chai kwenye sinki, nikasema kwa sauti kwamba baba yangu hatakaa na mizimu ya watu. Nilisema kwa Kiingereza, lakini nadhani alielewa. Nyumba nzima ilinyamaza. Mama mkwe hakunijibu hata neno moja. Alichukua shali yake, akatoka.

Hii ni wiki ya nne hajakanyaga kwetu. Mtoto tunampeleka kwa mlezi wa kulipwa. Wifi anasema mama hali vizuri. Mume wangu ananiambia niende nikaombe msamaha, hasemi zaidi ya hapo. Mchungaji wa ushirika wetu wa Kiswahili anasema nisiombe msamaha kwa kukataa ibada ya wafu. Mtoto ananiuliza kwa nini nilimfukuza babu.

Nilimwambia mume wangu, mimi ndiye niliyefiwa, mbona hunitetei? Akanijibu kwamba hata mama yake amefiwa. Ni kweli, mumewe alifariki mwaka 2009, mwili ukasafirishwa Michoacán, halafu mama yake mzazi naye akafa 2016, na kote huko hakwenda kwa sababu ya makaratasi. Lakini hayo ni ya zamani.

Katikati ya Desemba nasafiri kwenda Machame kulijengea kaburi la baba. Sipendi kuondoka mambo yakiwa hivi. Je, nikimwomba radhi nitakuwa nimeikana imani yangu?

Mama N., Chicago

---

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mwaka wa kwanza baada ya kumzika baba ni mwaka wa kutembea bila ngozi, kila kitu kinauma. Sisemi hivyo ili nikupe udhuru. Nataka tu ujue kwamba sijakusoma kama mtu mbaya.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikwama kwenye maneno uliyoyaandika haraka ukayapita: kwamba mumewe alifariki, mwili ukasafirishwa, mama yake akafa, na kote huko hakwenda. Kisha ukaongeza, “Lakini hayo ni ya zamani.” Turudi hapo mwanangu, kwa sababu ulichokiona sebuleni kwako siku ile hakielezeki bila maneno hayo.

Mimi nimeishi Chicago miaka tisa nikifanya kazi ya kutunza wazee, na wenzangu wengi wa zamu walikuwa akina mama wa Michoacán, Guerrero na Jalisco. Ndugu yao akifia Chicago, wanachangishana kama sisi tunavyochangishana kwenye makundi ya WhatsApp, ili mwili ukazikwe kwao. Nimewasindikiza wawili mpaka upande wa mizigo wa uwanja wa ndege. Jeneza linapita. Mjane anabaki upande huu wa lango ameshika karatasi ya kupokelea mzigo. Maiti ana ruhusa ya kuvuka mpaka, mke wake hana.

Usidhani ni uzembe wa kufuatilia kibali. Msamaha mkubwa wa mwaka 1986 uliwapa makaratasi watu wapatao milioni 2.7, lakini uliwahusu waliokuwa Marekani tangu kabla ya 1982, pamoja na baadhi ya wafanyakazi wa mashambani. Wakwe zako walifika 1991. Kisha ikaja sheria ya 1996: mtu aliyeishi bila kibali zaidi ya mwaka mmoja, siku akitoka nje ya nchi anafungiwa mlango kwa miaka kumi. Watu husema, si ana mtoto raia, amwombee? Mwenye kupita njia za panya anaweza kuombewa na mtoto wake na bado akatakiwa kutoka nje kuchukua viza, na akitoka tu kile kifungo kinamshika. Kusamehewa kifungo hicho kunategemea shida atakayopata mume, mke au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu. Shida ya mtoto haihesabiwi. Mume wako, pamoja na pasipoti yake ya bluu, hana la kumsaidia mama yake hapo, na nadhani hiyo ndiyo sababu anakwambia “nenda ukaombe msamaha” halafu ananyamaza. Hilo si jambo ambalo mwanamume hulizungumza kwa wepesi.

Na haikuwa hivi siku zote. Babu zake mume wako huenda waliijua Marekani ya kwenda na kurudi. Kuanzia 1942 mpaka 1964 serikali hizi mbili zilikuwa na mkataba wa vibarua, bracero wanawaita, wanaume wanakwenda kuvuna na msimu ukiisha wanarudi kwa wake zao. Hata mkataba ulipokwisha watu waliendelea kuvuka na kurejea. Ulinzi wa mpaka ulipokazwa miaka ya 1990, upande wa San Diego mwaka 1994 na kwingineko, kurudi kulikuwa kama kucheza kamari na maisha. Wengi walinaswa upande huu. Mama mkwe wako ana miaka 34 bila kuona kwao, mwanangu. Umri wako wote.

Sasa ile meza.

Wenyewe wanaiita ofrenda, yaani sadaka, kitu kinachotolewa. Glasi ya maji ipo kwa sababu marehemu anakuja na kiu ya safari. Chumvi ni ya kumkinga asiharibike njiani. Yale maua ya chungwa, cempasúchil, yanatandazwa mlangoni ili rangi na harufu yake vimwonyeshe njia. Tarehe 1 ni ya watoto waliokufa, tarehe 2 ya watu wazima. UNESCO iliiingiza desturi hii kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008, lakini hilo halimhusu sana mama mkwe wako. Linalomhusu ni kwamba kwao Michoacán, usiku wa kuamkia tarehe 2, watu hawabaki sebuleni. Wanakwenda makaburini. Kwenye Ziwa Pátzcuaro kuna kisiwa kinaitwa Janitzio, akina mama wa Kipurépecha wanakaa kando ya makaburi ya watu wao na mishumaa na vikapu vya chakula mpaka kunapambazuka. Kwa mwenye kaburi, meza ni nyongeza. Kwa mama mkwe wako, ambaye mume na mama wamelala mahali asipoweza kufika, ile meza ndiyo kaburi. Hana lingine.

Nilikuwa na mwenzangu wa zamu, mtu wa huko huko, aliyeweka kwenye meza yake chupa ya jamu iliyojaa udongo. Mpwa wake alimletea kutoka kwenye kaburi la mama yake. Kila Novemba alikuwa akifungua kifuniko, ananyunyizia maji kwa vidole, kidogo tu, udongo usipasuke. Nilimwuliza kama anaomba kwa ule udongo. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema, “Naupalilia.”

Wewe ni mtu wa Machame, unaelewa zaidi yangu. Mimi nimeolewa Marangu, na jambo la kwanza nililoonyeshwa nilipofikishwa nyumbani ni makaburi nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Mama mkwe wangu alinitembeza kaburi moja moja, huyu ni nani, huyu ni nani, kama anayenitambulisha kwa wageni waliokaa sebuleni. Desemba mabasi yanajaa watu wanaopanda Moshi, na Krismasi haijaanza mpaka majani yaondolewe kwenye makaburi. Hakuna anayetuita waabudu mizimu. Wewe mwenyewe unavuka bahari mbili na kutumia nauli ya miezi kadhaa ya kubeba boksi ili ukalijengee kaburi la baba, na ni vizuri ufanye hivyo. Yeye amefanya lile lile kwa meza ya kukunja na kitambaa cheupe.

Sitakudanganya kuhusu imani. Wako wanaoamini kabisa kwamba usiku huo roho zinarudi kutembelea nyumbani, na kama wewe huliamini hilo, una haki ya kutolishiriki. Picha ya baba yako ni yako. Mtoto wa marehemu akisema picha ya mzee wangu isikae pale, itolewe, na hapo nakuunga mkono bila kusita. Tena walikosea kutokukuuliza, na mkosaji wa kwanza ni mume wako, kwa sababu yeye ndiye anayezijua lugha zote na dini zote za nyumba hiyo. Alijua umeokoka. Alitakiwa akwambie usiku uliotangulia, “Mama anataka kumweka baba, wewe unaonaje?” Umwambie hivyo, kwa utulivu, mkiwa wawili.

Lakini mchungaji wako ulimpelekea swali pungufu. Ulimwuliza kama ni sawa kukataa ibada ya wafu, naye akajibu hilo. Sidhani ulimweleza kwamba uliipokonya picha mbele ya watu kumi na watano, ukamwaga chai, ukawaita mizimu, mbele ya wajukuu, mume na mama wa mwanamke ambaye miezi saba nyuma alikulelea mtoto ili wewe ukamzike baba yako. Mpelekee swali hilo uone atasema nini. Amri ya kuwaheshimu baba na mama sijaona mahali imeandikwa isipokuwa wakwe.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba huikani imani. Huombi radhi kwa kukataa. Unaomba radhi kwa kumwaibisha mtu mzima.

Na ile chai. Naomba uifikirie vizuri. Mwanamke wa Michoacán hapiki chai ya maziwa, kwao ni kahawa ya mdalasini na atole, uji wa mahindi. Hiyo chai aliijulia wapi? Aliijulia jikoni kwako, kipindi kile uliporudi kutoka mazishini, akiwa anakupikia supu, akakuona unachemsha chai ya kwenu na kulia juu ya sufuria. Hakuwa na lugha ya kukuuliza baba yako alikuwa mtu gani. Alikusanya kile alichokiona. Kwenye meza hizo watu huwekewa alichopenda kila mmoja, na wako wengi wanaowekewa bia au tequila. Baba yako aliwekewa chai. Sijui kama alijua kwamba mzee hakunywa pombe au aliongozwa na moyo tu, lakini mzee wa kanisa alipewa heshima yake kamili.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla hujasafiri.

Nenda wewe kwake, usimwite kwenu, na usifikirie kumtoa mgahawani. Wewe unaishi huko, unajua hali ilivyo tangu Septemba 2025 maafisa wa uhamiaji walipomiminwa Chicago. Watu waliacha hata kwenda dukani mtaa wa 26, kwenye maduka ya Wameksiko. Mama huyo huyo asiye na makaratasi alikuwa akitoka nyumbani msimu huo huo kuja kukulelea mtoto. Sijui kama uliwahi kulihesabu hilo. Mimi nilipolisoma kati ya mistari yako nilitua barua mezani.

Usipeleke mume kuwa mkalimani. Akiwepo, msamaha utapita kwake na utafika umechuja. Na mtoto usimtume kabisa, mzigo huo si wa miaka sita. Jifunze maneno mawili: “Perdóneme, suegra.” Sema “perdóneme”, usiseme “perdóname”, kwa sababu la kwanza ni la kumheshimu mkubwa na la pili ni la rika lako. Atausikia ule utofauti mara moja. Kisha mwambie “soy cristiana”. Kwa Wameksiko neno hilo huwa na maana ya mtu aliyeokoka, na halitamshangaza. Sensa yao ya mwaka 2020 ilihesabu Wakatoliki karibu asilimia 78 na Waprotestanti na walokole kama asilimia 11, kwa hiyo karibu kila ukoo una shangazi au binamu ambaye siku hiyo anakuja, anakula, anasalimia wote, lakini meza haigusi. Wamezoea kuishi hivyo. Nafasi yako imeshakuwepo siku nyingi, wewe tu hukuonyeshwa.

Mwakani meza ikipangwa kwenu, na natumaini itapangwa, picha ya baba yako ikae chumbani kwako au kwenye rafu nyingine, na chakula kipikwe kwa wote. Hayo myakubaliane Septemba, msisubiri tarehe 31 Oktoba.

Ukienda, nenda siku wanayopika. Desemba ni mwezi wa tamales, na watu wa Michoacán wana yao inaitwa corunda, unga wa mahindi unaofungwa kwa jani refu bichi la mhindi mpaka unatoka na pembe kama sambusa nene. Kufunga kwake ni kazi, jani linateleza, na anayejifunza huchekwa. Kubali uchekwe. Watu wasio na lugha moja wanahitaji kazi ya mikono, vinginevyo mtakaa mnaangaliana. Tarehe 12 ni sikukuu ya Bikira Maria wa Guadalupe, kwao ni kubwa mno. Kama huwezi kwenda misani, usiende, ila siku hiyo usimwombe akulelee mtoto.

Mtoto naye mjibu ukweli wa kimo chake: mama alikuwa na huzuni, akamkosea bibi, na sasa anakwenda kumwomba radhi. Babu hakufukuzwa.

Halafu kuna jambo moja ambalo ningelifanya kama ningekuwa wewe. Umwombe akuonyeshe kaburi la mama yake. Lazima analo kwenye simu. Mwaka 2016 mazishi mengi ya huko yalikuwa yanarekodiwa na wapwa kwa ajili ya walio upande wa pili, na akina mama niliofanya nao kazi hawakuwa wakizifuta video hizo hata simu ikijaa. Kaa naye mwiangalie mpaka mwisho, hata kama ni dakika arobaini na sauti ni mbovu. Nawe ukifika Machame, mpigie kwa video ukiwa pale migombani, umwonyeshe kaburi la baba kabla mafundi hawajaanza.

Siku hiyo ya kwanza usiende mikono mitupu. Beba chai kwenye chupa, uichemshe mwenyewe, na tangawizi iwe ya kuponda.

Shangazi